Pimeni kwanza kabla ya kuitupa kabureta ya pikipiki kuukuu

Mhariri,

Nimesoma kwa makini makala iliyochapishwa katika gazeti hili majuma machache yaliyopita, ambamo mwandishi aliwashauri wenye pikipiki za zamani wazitupe kabureta zao, yaani vile vifaa vinavyochanganya petroli na hewa kabla ya kuingia kwenye injini, na kununua zile za bodaboda, zinazopatikana kwa bei nafuu katika Barabara ya Kirinyaga, ambayo sisi wa umri huu bado tunaiita Grogan. Naomba nafasi ya kuupinga ushauri huo. Kabureta nyingi hapa Nairobi hufunguliwa, huchokorwa na hatimaye hutupwa kwa makosa ambayo si yake, na mwenye pikipiki hurudi nyumbani na ugonjwa uleule aliokwenda nao kwa fundi.

Pikipiki yangu ni BSA B31 ya mwaka 1956, ya silinda moja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 350, niliyoachiwa na marehemu baba. Kabureta yake ni Amal Monobloc, iliyotengenezwa Birmingham kama pikipiki yenyewe, na iliitwa Monobloc kwa kuwa kikombe cha floti, yaani boya linalodhibiti kiasi cha petroli kinachoingia, na mwili wa kabureta vilisubiwa vikawa kipande kimoja. Mwaka 2011 ilianza kunisumbua. Asubuhi iliwaka kwa kiki moja au mbili, lakini nikiiendesha kutoka Buruburu hadi Ruiru, kisha nikaizima ili ninunue kitu dukani, haikukubali kuwaka tena mpaka ipoe kwa muda wa nusu saa. Fundi niliyempelekea hakuuliza mengi. Aliifungua kabureta, akaiosha kwa petroli, akalipanua tundu la jeti kubwa, kile kipande kinachopimia petroli inayoingia kwenye injini, kwa keekee nyembamba huku akinihakikishia kwamba injini ilikuwa na njaa ya mafuta. Tangu siku hiyo pikipiki ilitoa moshi mweusi, ikanywa petroli kupita kiasi, na bado ikakataa kuwaka ikiwa na joto.

Aliyenitoa katika shida hiyo ni mzee mmoja wa Kariobangi, eneo la karakana ndogondogo, ambaye aliniuliza swali moja tu: je, cheche zikoje injini ikiwa imechemka? Tuliiendesha mpaka ikagoma, tukaitoa plagi papo hapo, tukaifunga kwenye waya wake, tukailaza juu ya chuma cha injini mbali na tundu la plagi, kisha akapiga kiki. Cheche ilikuwa hafifu, ya manjano, na mara nyingine haikuonekana kabisa. Kesho yake asubuhi, injini ikiwa baridi, cheche ilikuwa ya buluu na kali. Kondensa, kifaa kidogo cha umeme kilicho ndani ya magneto, yaani mtambo unaozalisha umeme wa cheche, ilikuwa imezeeka, ikawa inakufa kila ipatapo joto na kufufuka ipoapo. Kabureta haikuwa na hatia yoyote mpaka ilipotobolewa.

Kwa hiyo nawasihi wenzangu waanze na cheche, kisha waangalie kama petroli inafika. Chomoa mpira wa mafuta kwenye kabureta, uelekeze ndani ya chupa, ufungue koki ya tangi. Mafuta yanapaswa kutiririka bila kukatika. Yakianza vizuri kisha yakafifia, fungua kifuniko cha tangi. Yakirudi kutiririka, basi kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba, na hapo huna haja ya kununua chochote. Tangi la chuma la miaka sitini na zaidi huwa pia na kutu, na vumbi lake jekundu ndilo hukaa chini ya kikombe cha floti na kuzuia sindano yake isifunge, hata mafuta yakafurika na kudondoka juu ya injini. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa ni balaa nyingine. Serikali ilipoweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ilikuwa na nia ya kuukomesha mchezo huo, lakini ni busara kununua mafuta kwenye kituo unachokiamini.

Jambo la tatu ni hewa ya wizi, na hili naliona kila mara. Kabureta ya Amal hufungwa kwenye injini kwa nati mbili, na fundi mwenye mkono mzito huzikaza mpaka uso wa kabureta ukapinda kama upinde. Hewa hupenya katikati, mchanganyiko ukawa mwepesi, yaani wenye hewa nyingi na mafuta machache, na injini haitulii ikinguruma polepole hata ukigeuza skrubu zote ulizo nazo. Dondosha oili nyepesi kidogo kwenye maungio hayo injini ikiwa inanguruma. Mlio ukibadilika, umempata mwizi. Dawa yake ni kuulaza uso huo juu ya karatasi ya msasa laini iliyotandikwa kwenye kioo, kuusugua taratibu mpaka unyooke, kuweka gasketi mpya, na kukaza nati kwa kiasi.

Baada ya hayo matatu, na si kabla yake, ndipo kabureta ihojiwe, na ihojiwe kwa utaratibu. Bandika utepe kwenye mkono wa mafuta, ule unaozungushwa kwenye usukani, uweke alama ya robo, nusu na robo tatu. Tangu mkono umefungwa hadi thumni (sehemu moja ya nane), inayotawala ni jeti ndogo pamoja na skrubu ya hewa. Kutoka thumni hadi robo ni mkato ulio chini ya bomba linalopanda na kushuka ndani ya kabureta. Kutoka robo hadi robo tatu ni sindano inayoning'inia katika bomba hilo. Na zaidi ya hapo ni jeti kubwa. Pikipiki inayozimika kwenye taa za barabarani lakini inakwenda vizuri ikishafunguliwa mafuta haina ugonjwa wa jeti kubwa, hata fundi aape. Hiyo ni jeti ndogo iliyoziba kwa ulimbo wa petroli iliyokauka, na huzibuliwa kwa upepo wa pampu. Tafadhali, waya usiingie katika tundu hilo. Namba iliyochongwa kwenye jeti ya Amal hueleza kiasi cha mafuta kinachopita kwa dakika, na tundu likishakwaruzwa, namba hiyo haina maana tena.

Wenye kabureta za aina hii wana bahati moja zaidi, nayo ni kile kijiti cha hewa kwenye usukani. Ukiwa mwendoni, mkono wa mafuta ukiwa kwenye nusu, kifunge kidogo ili hewa ipungue. Injini ikipata nguvu, mchanganyiko ulikuwa na mafuta machache mno. Ikikohoa na kulemewa, mafuta yalikuwa mengi mno. Kabureta nyingi za bodaboda zina choki tu ya kuwashia, isiyokuwezesha kupima hivyo ukiwa safarini, na hilo pekee lingetosha kumfanya mwandishi wa makala ile afikirie upya.

Kuna pia suala la jiji letu lenyewe, ambalo makala ile haikuligusa hata kwa neno moja. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya nchi zilikotengenezwa pikipiki hizi. Injini inavuta hewa kidogo, lakini jeti inatoa karibu mafuta yaleyale, ndiyo maana plagi nyingi hapa hutoka zikiwa na masizi meusi, na ndiyo maana pikipiki hulalamika zaidi zikipanda Limuru. Maelekezo ya Amal ni kupunguza jeti kubwa kwa asilimia 5 kwa pikipiki inayotumika muda wote kati ya futi 3,000 na 6,000, na Nairobi imo ndani ya kipimo hicho. Jeti yangu ilikuwa ya 260. Nilipoagiza nyingine baada ya ile kuharibiwa, niliweka ya 250, na tangu wakati huo plagi hutoka na rangi ya kahawia. Nguvu ambayo injini hukosa kwa ajili ya wepesi wa hewa hairudishwi na jeti yoyote, na fundi anayeahidi kuirudisha kwa kupanua tundu anamdanganya mteja wake.

Jeti mpya ya 260 niliinunua pia, nayo hukaa katika kikasha cha vifaa. Nikienda Mombasa husimama Voi, nikaacha injini ipoe, nikaifunga hiyo mahali pa ile ya 250, kwa kuwa hewa nzito ya pwani huhitaji mafuta zaidi na mchanganyiko mwepesi huunguza vali. Kazi hiyo hunichukua dakika kumi kwa spana mbili.

Wako mwaminifu,
Mwalimu mstaafu,
Buruburu, Nairobi