Mwandikeni Meja wetu angali hai

Mhariri,

Jenerali David Musuguri alipofariki Oktoba 2024 akiwa na umri wa miaka 104, magazeti yalimwandika kama alivyostahili. Wengi wa rika langu ndipo tulipojua kwamba aliingia King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, mwaka 1942, kwamba aliongoza Divisheni ya 20 katika vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, na kwamba alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Tanzania kuanzia 1980 hadi 1988. Nilisoma kila nilichokipata. Nilipomaliza nikamfikiria ofisa mwingine, wa cheo cha chini zaidi, anayeishi nyumba ya tatu kutoka kwetu, na ambaye hakuna mwandishi aliyewahi kubisha hodi mlangoni kwake. Jina lake silitaji kwa sababu alinikataza. Mtaani tunamwita Meja.

Meja alisomea uofisa chuo cha kijeshi cha Monduli. Vita vilipoanza mwishoni mwa 1978 alikuwa luteni usu, cheo cha mwanzo kabisa. Alivuka mto Kagera pale Kyaka, ambapo daraja lilikuwa limelipuliwa na majeshi ya Amin, akapita Mutukula, akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alikuwa huko. Miaka ya themanini akapelekwa Msumbiji. Habari zake mwenyewe ameniambia hizo tu, tena mpaka umuulize. Za wenzake husimulia bila kuulizwa.

Na hao wenzake ndio kazi yake tangu astaafu: huwasaidia wao na wajane wao kufuatilia mafao. Ana kaunta buku la jalada gumu, kingo zake zimebandikwa selotepu. Kila askari wa zamani wa kata yetu na kata mbili za jirani ana ukurasa wake: jina, namba ya jeshi, kikosi, kombania, mke, watoto, maradhi, na karatasi gani anayo na ipi hana. Aliyefariki anawekewa msalaba kwa kalamu nyekundu, lakini ukurasa haufungwi. Chini ya msalaba linaandikwa jina la mjane, na kazi inaendelea.

Vijana pengine hawajui kwamba waliokwenda kwenye vita vile hawakuwa wanajeshi wa kudumu peke yao. Walichukuliwa mgambo, polisi, magereza na vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), na vita vilipokwisha mgambo wengi walirudi mashambani. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alirudi na kovu begani na karatasi moja, ambayo baadaye iliishia kwa mchwa. Meja alipokuja barazani kwetu kumsikiliza, hakumuuliza ana nyaraka gani. Alimuuliza, "Mzee mwenzangu, nani alilala na wewe kwenye handaki?" Baba akanyamaza muda mrefu, kisha akataja majina manne. Sisi watoto wake tulikuwa hatujawahi kuyasikia. Meja akayaandika, akapanda basi kwenda Karagwe, na baada ya wiki mbili akarudi na maelezo ya wawili waliokuwa hai, yamesainiwa na kugongwa mhuri wa mwenyekiti wa kijiji. Baba alifariki jambo lake halijakamilika, lakini alizikwa na watu waliojua alikuwa wapi mwaka 1979. Kwa hilo nitamshukuru Meja maisha yangu yote.

Kuna mama mmoja wa kijiji cha jirani, mjane wa sajini. Mirathi ya mumewe ilikwama miaka kwa sababu ya herufi moja: jeshini jina la marehemu liliandikwa kwa L, kwenye cheti cha ndoa likaandikwa kwa R. Kila akifika dirishani anaambiwa aje wiki ijayo, na nauli ya kwenda na kurudi anakopa. Siku Meja aliposikia habari hiyo, alipiga viatu vyake kiwi usiku ule ule, asubuhi akavaa tai, akamfuata stendi. "Mama, leo huendi peke yako," alimwambia. Walikaa kwenye benchi la ofisi ile tangu saa mbili asubuhi mpaka jioni. Baadaye akampeleka kwa wakili kuapa hati ya kiapo kuhusu majina yale mawili, kisha mahakama ya mwanzo, kisha tena kwenye benchi lile lile. Mama yule sasa amelipwa. Wapo wanaonong'ona kwamba Meja hula humo. Nimesafiri naye mara kadhaa nikimsaidia kusoma maandishi madogo, maana macho yake yamechoka, na ninathibitisha kwamba hata nauli huitoa kwenye pensheni yake.

Mhariri, kijana aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1979 sasa anakaribia 70, na maofisa waliowaongoza wamewazidi umri. Kila 25 Julai, Siku ya Mashujaa, Meja hukusanya wanaoweza kusafiri na kwenda nao kwenye makaburi ya mashujaa Kaboya, Muleba. Basi dogo lililokuwa likijaa, safari iliyopita lilikuwa na viti vitupu. Naumia nikifikiri kwamba yaliyomo kwenye daftari lile hayajaandikwa popote pengine, na kwamba likilowa mvua siku moja, tumepoteza watu ambao hata picha zao hatuna.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Ofisi zinazoshughulikia mafao zitenge walau siku moja kwa mwezi ya kuwafuata wazee hawa na wajane huku kwenye kata, kwa sababu karatasi husafiri kirahisi kuliko mzee wa miaka 75 mwenye goti bovu. Na gazeti lako litume mtu akae na Meja na wenzake, awasikilize bila haraka, aandike wakiwa hai na wenyewe wasome.

Mwandishi akija, afike mapema. Ikipita saa moja asubuhi, Meja huwa ameshatoka na mtu.

Binti wa askari mgambo,
Kagera