Mwamba wetu usipasuliwe kwa ajili ya ofisi ya mtaa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jengo linalotaka kujengwa mtaani kwetu, huku mlimani, wilaya ya Nyamagana. Mimi ni mwashi wa mawe. Kazi hii nimeirithi kwa marehemu baba, na misingi aliyojenga bado imebeba nyumba nyingi za huku juu.

Mtaa umepata fedha za ofisi na ukumbi mdogo wa mikutano. Ni jambo la heri, tumelisubiri sana. Shida ni ramani. Imechorwa kana kwamba kiwanja ni tambarare: sakafu moja ndefu, kuta za bloku, madirisha makubwa ya alumini yasiyo na kivuli, na paa la kuficha, lile linalozungushiwa ukuta lisionekane. Ili sakafu hiyo ikae, lazima mwamba ulioko katikati ya kiwanja upasuliwe.

Mwamba ule ndio uwanja wetu. Nyumba zimebanana, hakuna pengine pa watu kukusanyika. Asubuhi akina mama wanapanga mafungu ya dagaa na nyanya kwenye kivuli chake, jioni wazee wanacheza bao, na ukitokea msiba turubai hufungwa pale pale. Halafu kuna namna ya kuupasua. Magogo na matairi huwashwa juu ya jiwe hadi lipate joto kali, kisha hupigwa nyundo litoke maganda kwa maganda. Moshi wake tunaujua, watoto wanakohoa nao. Na mwamba ukishaondoka, udongo na mawe madogo yaliyouegemea yatazuiwa na nini wakati wa masika? Chini yake kuna nyumba za watu.

Nasema haya kwa sababu njia nyingine ipo, na mafundi wake wapo. Mlima wa mawe hujengewa msingi wa ngazi, jengo likashuka pamoja na mteremko: ofisi juu, ukumbi chini, mwamba ukabaki katikati kama ukuta wa upepo. Mawe ya kujengea yamejaa hapa hapa, na kokoto zinagongwa na akina mama kando ya barabara, kwa hiyo sehemu kubwa ya fedha ingebaki mtaani. Ukuta wa mawe wenye unene wa sentimita 40 hauhitaji lipu nje, unapigwa pointi tu, yaani viungo vya mawe hujazwa saruji, na saa nane mchana ukiugusa kwa ndani bado ni wa baridi. Siri yake ni jiwe refu linaloshika uso wa nje na wa ndani. Kila baada ya hatua moja liwepo, kila mstari wa pili lirudiwe. Fundi akiliruka, ukuta unatoa tumbo baada ya misimu michache.

Paa la kuficha nalipinga waziwazi. Mvua ya ziwani huja na upepo mkali, maji yanajaa kwenye gata iliyojificha nyuma ya ukuta, majani yakiziba, yanarudi ndani. Nimeitwa mara nyingi kutengeneza kuta zilizolowa kwa sababu hiyo. Tuwekeeni paa la mgongo, lenye kingo pana zinazofunika kibaraza. Paa la mita za mraba 150 likipata mvua ya milimita 20 linapokea lita 3,000. Huku juu, ambako maji ya bomba huja kwa mgao, tangi kubwa pembeni ya ofisi lingemfaa kila jirani.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kizamani. Waende Bujora, pale Kisesa, waone kanisa la duara lililojengwa kwa kufuata nyumba ya Kisukuma, likiwa jirani na makumbusho. Ni jengo la karne ya 20, na watu wanasali humo hadi leo. Au wamtazame Francis Kéré, msanifu majengo wa Burkina Faso, aliyejenga shule ya kijiji chake cha Gando mwaka 2001 kwa matofali ya udongo na saruji kidogo, wanakijiji wakishiriki kazi, paa la bati likainuliwa juu ya dari ili joto litoke. Mwaka 2022 alipewa tuzo ya Pritzker, tuzo kubwa ya dunia ya usanifu majengo, Mwafrika wa kwanza kuipata. Hata hapa jirani Kenya, kando ya Ziwa Turkana, amejenga chuo cha vijana kwa mawe ya eneo lile.

Sisi Wasukuma tulikuwa na shikome, moto wa jioni ambapo wazee walifundisha vijana. Sidai ukumbi uezekwe nyasi. Naomba mabenchi ya mawe yauzunguke mwamba, wazi kwa kila mkazi, hata siku ofisi imefungwa.

Ombi langu kwa wahusika: kabla mkandarasi hajaleta kifusi cha kwanza, ramani ibandikwe ukutani, isomwe kwenye mkutano wa wakazi, na mchoraji aje apande mlima huu kwa miguu. Mimi niko tayari kujenga ukuta wa mfano wa mita mbili, bila kudai fedha ya ufundi, mhandisi aje na timazi na pima maji yake aukague.

Fundi Mawe,
Nyamagana, Mwanza