Sumu inayoua tumbusi inapita mjini kwetu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwasemee tumbusi. Sisi wa Dar es Salaam mabaki yetu tumewaachia kunguru, tena wa kuletwa kutoka India kupitia Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19. Lakini ukishika barabara ya Morogoro mpaka Mikumi utawaona tumbusi wakizunguka angani bila kupiga mbawa, wamebebwa na hewa ya joto inayopanda.

Wanatafuta mzoga kwa macho, si kwa harufu. Mmoja akishuka, wenzake walio mbali humwona na kumfuata. Yule mkubwa mwenye mikunjo ya ngozi kichwani ndiye anayechana ngozi ngumu. Wa mgongo mweupe huzamisha shingo nzima ndani kufuata nyama laini. Mnyama aliyekufa kwa kimeta wanamla na wasidhurike, maana asidi ya matumbo yao ni kali mno. Hiyo kazi nani mwingine ataifanya?

Kinachowashinda ni sumu yetu. Simba akiua ng'ombe, mfugaji mwenye uchungu anamwagia mzoga dawa ya wadudu. Majangili nao wanatia sumu mizoga ya tembo, kwa sababu tumbusi wakizunguka huwaonyesha askari wa wanyamapori mahali penyewe. Botswana, mwaka 2019, mizoga mitatu tu ya tembo iliua tumbusi zaidi ya 500. Na ndege hawa hutaga yai moja tu kwa msimu!

India waliwamaliza kwa dawa ya maumivu, diklofenaki, waliyowachoma ng'ombe. Tumbusi walikula mizoga hiyo, figo zikafa. Dawa ilipopigwa marufuku kwa mifugo mwaka 2006, zaidi ya asilimia 95 ya baadhi ya aina zao walikuwa wameshatoweka, na mbwa wa mitaani wameongezeka.

Shehena za dawa hushukia bandarini kwetu. Nawaomba wenye maduka ya pembejeo wamuulize mnunuzi sumu kali anakwenda kuitumia wapi, na wakikuta hana shamba wasimuuzie. Wanaosajili dawa za mifugo watutangazie wazi msimamo wao kuhusu diklofenaki ya ng'ombe. Nanyi ndugu zangu mnaotumwa na waganga kutafuta kichwa cha tumbusi, kataeni.

Msomaji wako,
Kimara, Dar es Salaam