Barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Kigoma kuhusu sindano za ujana

Ndugu Mganga Mkuu wa Mkoa,

Salaam kutoka Ujiji. Mimi ni muuguzi mstaafu, na miaka mingi ya kazi yangu niliitumia wodi ya wazazi na kliniki. Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu jambo lenyewe linawahusu wengi: wazee wa rika langu wanauziwa homoni ya ukuaji kwa ahadi kwamba itawarudishia ujana, na ninaomba sauti ya ofisi yako isikike kabla hatujaanza kuwapokea hospitalini.

Wauzaji wanajua mlango wa kugonga. Wanamfuata mtu aliyepokea kiinua mgongo chake juzi, ambaye kwa mara ya kwanza maishani ana fedha mkononi na kwa mara ya kwanza pia anaona mwili unamgomea. Mazungumzo yanafanyika WhatsApp. Kichupa chenye unga mweupe kinasafiri ndani ya begi la abiria, na anayekipokea anaelekezwa kwa simu namna ya kukichanganya na maji ya sindano na kujidunga tumboni. Asiye na fedha ya sindano anauziwa vidonge au dawa ya kupuliza chini ya ulimi yenye jina hilohilo. Huyo anaibiwa tu, maana homoni hii ni protini. Ikimezwa humeng'enywa tumboni kama nyama ya mchuzi, wala haifiki kwenye damu ikiwa nzima. Wasiwasi wangu mkubwa ni juu ya yule aliyepata sindano ya kweli.

Wazee hawa si wajinga. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, iitwayo pituitari, huitoa homoni ya ukuaji kwa vipindi, hasa usiku mtu akiwa amezama usingizini. Kwa mtoto hurefusha mifupa. Kwa mtu mzima husaidia kutunza misuli na kupunguza mafuta. Umri unavyosogea, homoni hupungua, na katika miaka hiyohiyo misuli inapungua, tumbo linatoka, ngozi inalegea. Ukiona mambo mawili yanakwenda pamoja hivyo, unaamini kwamba moja ndilo chanzo cha lingine. Mwanamume wa Simbo aliyekuwa akipanda michikichi na kukata mikungu mwenyewe sasa anamlipa kijana ampandie. Mama wa Kibirizi aliyekuwa akijitwika beseni la dagaa sasa anasubiri mtu wa kumtwika. Wanataka nguvu zao, na kutaka nguvu zako mwenyewe si tamaa mbaya.

Tena wauzaji wana karatasi ya kuonyesha, na karatasi hiyo ni ya kweli. Mwezi Julai 1990, daktari wa Marekani aitwaye Daniel Rudman na wenzake walichapisha utafiti katika jarida la tiba liitwalo New England Journal of Medicine. Wanaume 12 wenye umri wa zaidi ya miaka 60 walidungwa homoni hii mara tatu kwa wiki kwa miezi 6. Uzito wa mwili usio mafuta uliongezeka kwa karibu 9%, mafuta yakapungua kwa zaidi ya 14%, na ngozi ikawa nene kidogo. Biashara ya sindano za ujana duniani imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya watu hao 12. Lakini utafiti ule haukupima kama wazee wale walipata nguvu. Haukupima kama walitembea vizuri zaidi, wala kama waliishi zaidi. Mwaka 2003 jarida lenyewe lilitoa onyo kwamba makala ile inatumiwa vibaya kuuzia watu bidhaa.

Waliokuja baadaye walipima nguvu. Mwaka 1996 yalichapishwa matokeo ya wanaume 52 wenye afya, wa miaka 70 na kuendelea: waliodungwa homoni walipungua mafuta na kuongezeka uzito usio mafuta, ila uwezo wao wa kufanya kazi haukuwazidi waliodungwa maji matupu. Mwaka 2007 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakakusanya tafiti zilizokuwepo, zenye jumla ya wazee 220 waliopewa homoni. Faida waliyoikuta ni kilo 2 hivi za mafuta kupungua na kilo 2 hivi za uzito usio mafuta kuongezeka, na sehemu ya uzito huo inaweza kuwa maji tu. Upande wa madhara walikuta miguu kuvimba, viungo kuuma, ganzi ya viganja kwa sababu ya mshipa wa fahamu kubanwa kwenye kifundo cha mkono, wanaume kuota matiti, na dalili za sukari kupanda.

Hapo kwenye sukari ndipo naomba utulie nami, Daktari. Homoni ya ukuaji huipinga insulini, homoni ya kongosho inayoshusha sukari ya damu. Mzee ambaye kongosho lake limeshachoka, ambaye sukari yake inakaribia kuvuka mstari bila mwenyewe kujua, akijidunga homoni hii anasukumwa upande wa pili. Huko Marekani anayeinunua anaweza kumpata daktari wa kumpima damu. Kwetu, mtu anaweza kukaa na kisukari miaka mingi na akakijua siku kidonda cha mguu kilipokataa kupona. Nimewafunga vidonda watu hao. Sindano ileile iliyo na hatari kiasi mahali penye vipimo inakuwa na hatari zaidi kwa mzee wa Uvinza au Kakonko anayehesabu nauli ya kufika kwenye kipimo.

Kuna pia safari ya kichupa chenyewe. Homoni hii inatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa mwisho wa reli ni zaidi ya kilomita 1,200, na begi la abiria si friji. Kinachofika kinaweza kuwa kimeharibika, au kikawa kitu kingine kabisa chenye lebo ya kuvutia. Na wenza wakichangia bomba moja la sindano ili kupunguza gharama, tunarudi kwenye Ukimwi na homa ya ini.

Kuhusu saratani sitatia chumvi. Haijathibitishwa kwamba sindano hizi zinaanzisha saratani kwa wazee. Kinachojulikana ni kwamba homoni hii hulifanya ini litoe kichocheo kingine, IGF-1, kinachohimiza seli kukua na kugawanyika, na mwenye saratani hai hatakiwi kupewa homoni hii. Mzee wa miaka 68 ambaye tezi dume lake halijawahi kuchunguzwa hajui kama yumo katika kundi hilo.

Wala hoja ya kuishi zaidi haisimami. Panya wa maabara waliozaliwa bila homoni hii huishi muda mrefu kuliko wenzao, na waliozidishiwa hufa mapema. Kusini mwa Ecuador kuna familia ambazo miili yao haiisikii homoni ya ukuaji. Ni watu wafupi sana, na waliowafuatilia kwa miaka mingi, waliochapisha matokeo mwaka 2011, walikuta saratani na kisukari ni nadra mno kwao. Nao watu ambao tezi yao ya pituitari hutoa homoni kupita kiasi, wanaoota mataya na viganja vikubwa, husumbuliwa na moyo na kisukari, na wasipotibiwa maisha yao hufupika.

Nisieleweke kwamba homoni hii ni sumu. Kuna watoto wasiokua kwa kuikosa, na kuna watu wazima ambao tezi yao imeharibika. Mimi niliyefanya kazi wodi ya wazazi nawakumbuka hasa akina mama waliovuja damu nyingi wakati wa kujifungua. Tezi ya baadhi yao huweza kufa kwa kukosa damu, na mama akabaki mchovu, bila maziwa, bila hedhi, akiambiwa amerogwa. Hao wanahitaji daktari bingwa na vipimo. Homoni ikishageuzwa jina kuwa sindano ya ujana, wao ndio wa kwanza kusahauliwa.

Sasa nikuambie lile linaloniuma. Mwezi mmoja tu kabla ya utafiti wa Rudman, Juni 1990, Maria Fiatarone na wenzake walichapisha utafiti mwingine katika jarida la JAMA. Waliwachukua wazee 10 dhaifu wa nyumba ya wazee mjini Boston, wa miaka 86 hadi 96, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu kwa wiki 8. Nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa 174%, na wawili wakaacha kutembea na mkongojo. Wa miaka tisini! Utafiti ule hauna kichupa cha kuuza, ndiyo maana hakuna anayeusambaza kwenye simu za wazee wa Kigoma.

Kwa hiyo naomba, kwanza, mfamasia wa mkoa na wakaguzi wa TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, wafuatilie mzunguko wa vichupa hivi, na maduka ya dawa muhimu yakumbushwe kwamba biashara hii si yao. Lakini ukaguzi peke yake hautoshi, maana mzee anayekatazwa bila kupewa kitu atanunua kwa siri. Kwenye dirisha la wazee, kila anayefika apimwe sukari na presha, na aulizwe bila kukaripiwa kama anajidunga chochote. Aliyekwisha kuanza asiogope kusema.

Halafu wapeni wazee mazoezi. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Hospitali ya Maweni akiwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwa siku chache, kila kata inaweza kuwa na kikundi cha wazee kinachokutana mara mbili kwa wiki: kusimama na kuketi kitini bila kushika, kuinua madumu ya maji yanayoongezwa uzito kidogo kidogo, huku mwenye moyo mbovu akiangaliwa kwanza na daktari. Dagaa na maharage tunayo ya kutosha kujenga misuli hiyo. Hapa Ujiji tuko wastaafu wa afya ambao tutasimamia kikundi cha kwanza bila posho. Tunachohitaji kutoka kwako ni barua ya kuturuhusu kutumia uwanja wa zahanati saa za jioni, na mtu mmoja wa kutufundisha.

Wako katika huduma,
Muuguzi mstaafu, Ujiji