Mfuatano wa matukio ya Machi 2021

Habari za jioni wanakikundi. Nimepitia rasimu ya matukio ya Machi 2021 Tanzania. Kazi nzuri, ila mmetanguliza la mwisho, kama tovuti za habari. Kwenye kamusi elezo tunaanza na la kwanza: 17 Machi, Rais Magufuli afariki, 19 Machi, Samia Suluhu Hassan aapishwa, 26 Machi, mazishi Chato. Tarehe, sentensi moja, kisha chanzo palepale mwishoni mwa mstari, jamani, msivirundike vyote chini. "Jana" na "leo asubuhi" futeni kabisa. Msomaji wa 2040 atajuaje ni lini? Maombolezo yaliyochukua siku nyingi yawekwe siku yalipotangazwa. Nani anachukua sehemu ya mazishi? Aniandikie inboksi.