Umehama nyumba na mimi sina habari

Marahaba mwanangu. Naskia umeninunia, eti umehama, umepost picha Facebook na Instagram na mama yako sijalaiki wala sijakoment, wakati dada zako wote wameona. Sasa ngoja nikwambie, hizo picha sijaziona kabisa, na sio kwamba sishiki simu, nashika sana tu mpaka baba yako analalamika, ila nikifungua naletewa mtu ananyoa nywele, ugomvi wa watu nisiowajua, tangazo la viatu, tena ugomvi.

Unajua zamani posti za Instagram zilikuwa zinakuja kwa kufuata muda, iliyowekwa mwisho ndo unaiona kwanza, mwaka 2016 wakaanza kubadilisha, siku hizi mashine zao ndo zinaamua nani aone nini. Zinaangalia nimekawia wapi, nimerudia kutazama nini, afu zinanirundikia hichohicho, maana hela yao karibu yote ni ya matangazo, kwa hiyo nikikaa humo muda mrefu ndo wanaingiza. Mi nilichungulia ugomvi kidogo tu jamani, umbea nani hana, basi wakaona mama huyu anataka ugomvi kuliko mwanae!

Na usinambie eti mama fatilia status za WhatsApp. Mwenye mali si ni huyohuyo wa Facebook, Instagram kainunua 2012, WhatsApp 2014. We si unakumbuka Oktoba 4, 2021, vyote vitatu vilizima pamoja kama masaa sita dunia nzima, wanaopokea oda humo wakabaki wanakodolea simu, na wengine hata namba ya mtu wa karibu hawana pengine popote.

Sisemi ufute, wateja wako wapo humo, na mimi mwenyewe sitoki, grupu la ukoo nitaliacha na nani. Ila mambo makubwa kama kuhama, kuumwa, mchumba (ndio, nimeuliza), usimwachie mtu wa matangazo atupangie nani ajue na lini. Nipigie kwanza, ukishakata ndo upost unavyotaka, na kama huna salio nibipu nitapiga mimi.

Haya, hiyo nyumba ina vyumba vingapi, na majirani wakoje? Afu zile picha nitumie mwenyewe mkononi, nisianze kuzitafuta katikati ya viatu.

Mama