Pampu au gesi: niweke nyuzi ngapi?

Ndugu Mshauri, habari za kazi.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinane hapa Ilboru, Arusha. Nimeachana na hita za umeme za kila bafu, nikafunga pampu ya joto yenye tangi la lita 300. Kwa asiyeijua, ni friji iliyogeuzwa: inachota joto hewani na kulitia kwenye maji. Pembeni ipo hita ya gesi. Hewa ya nje ikishuka chini ya nyuzi ulizoweka kwenye paneli ya ukutani, pampu inazima, gesi inawaka.

Hizo nyuzi ndizo zimenitia hasara. Fundi aliponiuliza, nikampigia shemeji yangu aliyeko Minnesota, maana kwake wanapasha nyumba nzima kwa mtindo huo. Akasema, "Weka 35." Tukaweka. Gesi ikawaka asubuhi, mchana, usiku, na siku ya tano mtungi wa kilo 15 ukawa mweupe. Nikamgombeza bure kijana wa jikoni. Kumbe shemeji anahesabu kwa Fahrenheit! 35 zake ni karibu nyuzi 2 za kwetu.

Sasa fundi anataka tuweke 16, "kwa usalama". Nikashika kalamu. Kutoa tangi zima nyuzi 18 hadi 55 kunataka kama yuniti 13 za joto. Pampu ikila yuniti moja ya umeme hutoa tatu za joto. Tuseme alfajiri ya Julai, baridi ya Meru ikishuka, itoe mbili na nusu. Hiyo ni yuniti 5 na kidogo za luku, kwa 356 kila moja, haifiki 1,900. Gesi itakula kilo moja na robo hivi, nami mtungi nanunua 58,000: karibu 4,800. Kwa bei hizi sioni asubuhi ya Arusha ambayo gesi itashinda.

Ila pampu ni mzee wa taratibu. Tangi likiisha, inataka muda wa saa nne hivi kulirudisha. Wageni wa Ngorongoro wanaoga wote saa kumi na moja alfajiri; wanaoamka saa moja wanakuta maji ya kunawia. Juzi mgeni mmoja alikuja hadi mapokezi na povu kichwani. Mke wangu anasema niweke hizo 16 tulale.

Mimi naona tunauliza hewa wakati tungeuliza tangi: gesi iwake maji yakishuka chini ya nyuzi 42, nje kuwe na baridi au jua. Fundi anasema paneli yetu inasoma hewa tu, sensa ya tangi, yaani kifaa cha kusoma joto la maji, ni gharama nyingine.

Je, nilipie sensa, au pesa hiyo niiongezee ninunue tangi la pili, gesi niwe naiwasha kwa mkono umeme ukikatika? Na kama ni sensa, 42 si chini mno?

Msomaji wenu,
Ilboru, Arusha